Mtangulizi wa Mhanga na Hesabu ya Zamu

Mwezi uliopita mpwa wangu, anayenisaidia dukani kila jioni hapa Ngamiani, Tanga, alimpoteza Pokémon wake wa kwanza katika zamu ya tatu ya pambano. Aliilaza simu kifudifudi juu ya kaunta akasema, "Mjomba, hili limeshaniharibikia. Yeye ana sita, mimi nina watano." Nilimwuliza mpinzani wake ametumia zamu ngapi kumwangusha huyo mmoja, na katika zamu hizo amepata kitu gani kingine. Hakuwa na jibu, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye idadi ya walio hai tu. Swali hilo ndilo lililonifanya niandike leo, kwa kuwa nimewaona wachezaji wengi, hata walio hodari wa kushambulia, wakikwama papo hapo: wanahesabu miili, hawahesabu zamu.

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze kwa kifupi. Pokémon ni mchezo wa video wa viumbe wa kubuni wanaopigana, nao viumbe hao huitwa Pokémon. Ulianza Japani mwaka 1996, na katika pambano la kawaida la mmoja kwa mmoja kila mchezaji huja na kikosi cha sita, ambao mmoja wao tu huwa uwanjani kwa wakati, na kila mmoja hubeba mbinu zisizozidi nne. Wachezaji wote wawili huchagua kwa siri kisha chaguo zao hutekelezwa ndani ya zamu moja, mwenye kasi zaidi kwa kawaida akitangulia: ama ushambulie, ama utumie mbinu isiyo ya kushambulia, ama umrudishe uliyenaye na kumwingiza mwingine. Kumbadilisha kwa hiari hula zamu nzima, na anayeingia hupokea pigo lililokusudiwa mwenzake. Lakini Pokémon wako akianguka, unamwingiza umtakaye bila kugharimika zamu na bila kupigwa mlangoni. Mimi na mpwa wangu huchezea kwenye Pokémon Showdown, ambayo hufunguka kwenye kivinjari cha simu bila malipo na bila kuhitaji mashine ya Nintendo, na ambayo imehifadhi vizazi vyote vya mchezo, cha zamani na cha sasa.

Mbinu ninayoizungumzia ni ile ya kumtanguliza uwanjani Pokémon ambaye unajua tangu mwanzo kwamba hatarudi. Anaingia wa kwanza, anatandaza mitego upande wa mpinzani, anamzuia mpinzani asitandaze yake, kisha anaanguka na kumpisha mwenzake. Wachezaji wa Kiingereza humwita kwa neno lenye maana ya kujiua, na neno hilo halinikai, kwa sababu halionyeshi kwamba kuna kitu kinachonunuliwa. Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, nalo ni mhanga. Nyumbani kwetu tunamwita mtangulizi wa mhanga.

Dhana yenyewe niliijua kabla sijashika simu yenye skrini ya rangi. Niliipata chini ya mwarobaini uliokuwa kando ya Barabara ya Kumi na Mbili, ambapo wazee walicheza drafti kwa vizibo vya soda, upande mmoja vimelala chali na upande wa pili kifudifudi. Alikuwepo mzee mmoja, fundi baiskeli, mwenye vidole vilivyokolea grisi hata akishika kizibo kinabaki na alama, ambaye alipenda kumlisha mpinzani kete moja, kisha ya pili, polepole, akiwa ameinamia ubao kama mtu anayesoma barua. Mpinzani akila ya pili, kizibo cha nyuma cha yule mzee kiliruka mara tatu mfululizo na kutua kwenye mstari wa kingi. Sisi watoto tulihesabu: ametoa mbili, amechukua tatu, na ana kingi juu yake. Kumlisha mtu ndilo neno walilotumia, nami nalitumia mpaka leo ninapomfundisha mpwa wangu.

Hata hivyo mfano huo una mpaka, na asiyeuona mpaka huo ataumia. Katika drafti kula ni lazima. Ukiwekewa kete mbele yako, huna ruhusa ya kuipita, kwa hiyo anayelisha ndiye anayeamua mkono wako uende wapi. Katika Pokémon hakuna sheria ya namna hiyo. Mpinzani akitambua kwamba umemletea mhanga, anaweza kukataa kumla. Atatumia zamu hizo kujinoa, yaani kuongeza nguvu zake kwa mbinu kama Swords Dance, huku mhanga wako akimkodolea macho kwa kuwa hana pigo la maana, na atakapoamua kumwangusha utakuwa unakabiliana na adui mwenye nguvu maradufu. Nimeshuhudia mapambano yakimalizika hivyo katika zamu ya sita. Kwa sababu hiyo mtangulizi wa mhanga asiye na njia ya kumlazimisha mpinzani ni hasara tupu, na njia hiyo, mara nyingi kuliko zote, ni Taunt.

Taunt ni mbinu ya uchokozi. Aliyechokozwa, kwa zamu chache, hawezi kutumia mbinu yoyote isiyo ya kushambulia: hawezi kutandaza mitego, hawezi kujinoa, hawezi kujiponya. Anabaki na mawili tu, kupiga au kuondoka. Akipiga, anamla mhanga wako kama ulivyotaka. Akiondoka, ametumia zamu kwa ajili ya kuondoka, na wewe umeitumia zamu hiyo hiyo kutandaza. Hapo ndipo Pokémon inapoirudia sheria ya drafti, kwa sababu umemwekea mwenzako kula ni lazima pasipokuwa na sheria hiyo.

Sasa tuone mhanga anachokinunua. Mtego mkuu ni Stealth Rock, mawe yaliyofichwa, ambao uliingia kwenye mchezo mwaka 2006 pamoja na matoleo ya Diamond na Pearl. Mawe yakishatandazwa, kila Pokémon wa mpinzani anayeingia uwanjani huumia kulingana na aina yake (moto, maji, kuruka na kadhalika) inavyostahimili mwamba. Asiye na udhaifu wala ustahimilivu hupoteza moja ya nane ya uhai wake kamili, yaani asilimia 12.5. Mwenye udhaifu mmoja hupoteza robo. Mwenye udhaifu wa maradufu, kama Charizard ambaye ni wa moto na wa kuruka, hupoteza nusu, ikimaanisha kwamba akiingia mara mbili amekwisha bila kuguswa na mtu. Mawe hutandazwa mara moja tu, hayahitaji kuongezwa, na hayaondoki kwa kuwa aliyeyatandaza amekufa.

Moja ya nane ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuimaliza. Wapinzani wa kawaida wakiingia mara 8, wamepoteza uhai unaolingana na Pokémon mmoja mzima, na hapo deni la mhanga limelipwa. Katika pambano la zamu 30, mpinzani kuingiza watu mara 8 si jambo kubwa. Lakini faida yenyewe ya mawe haipo kwenye jumla hiyo, ipo kwenye kingo. Kuna mapigo mengi yanayomwacha adui na asilimia 8 au 10 ya uhai, na adui mwenye asilimia 8 hupiga kwa nguvu ile ile anayopiga akiwa mzima. Mawe huliziba pengo hilo. Pigo lililokuwa linahitaji kurudiwa sasa linatosha mara moja, na zamu uliyoiokoa hapo ni zamu ambayo adui hakupata nafasi ya kukujibu.

Miiba, yaani Spikes, ni ya zamani zaidi, kwani ilikuja na Gold na Silver mwaka 1999. Tangu mwaka 2002 inaweza kutandazwa tabaka tatu: la kwanza hula moja ya nane, mawili hula moja ya sita, matatu hula robo. Haiwagusi wanaoruka wala wanaoelea, na kila tabaka linadai zamu yake, kwa hiyo mhanga wa miiba lazima aishi zamu nyingi kuliko mhanga wa mawe. Froslass ndiye ninayempenda kwa kazi hiyo. Ana kasi ya msingi 110, ana Taunt, na kwa kuwa ni wa aina ya mzuka, mbinu ya Rapid Spin inayosafisha mitego haimpati. Ana pia Destiny Bond, kiapo cha kufa pamoja: ukimwangusha baada ya yeye kuitumia, nawe unaanguka. Mpinzani mwangalifu husita kumpiga, na kila anaposita, tabaka jingine la miiba linatandazwa.

Kinachomwezesha kiumbe mwepesi kama huyu kufanya kazi mbili kabla ya kuanguka ni mkanda, Focus Sash, uliokuja pia mwaka 2006. Aliyeuvaa, akiwa na uhai kamili, akipigwa pigo ambalo lingemuua papo hapo, hubaki na pointi 1 ya uhai. Mkanda hufanya kazi mara moja tu kisha hutoweka. Pointi hiyo moja inatosha kununua zamu moja zaidi.

Nitoe mfano wa pambano langu katika kizazi cha nne, kile cha Diamond na Pearl, kizazi ninachokipenda kwa kuwa wachezaji hawaonyeshani vikosi mwanzoni, na wa kwanza anaingia gizani. Nilimtanguliza Aerodactyl mwenye mkanda, ambaye kasi yake ya msingi ni 130 na ni wachache wanaomtangulia. Mpinzani alimtoa Swampert, mzito, wa maji na ardhi, ambaye wakati ule alikuwa mtandazaji wa mawe maarufu. Zamu ya kwanza nilimchokoza kwa Taunt, naye alikuwa ameamuru mawe, amri yake ikagonga ukuta. Zamu ya pili nikatandaza mawe yangu, naye akanipiga Waterfall, pigo la maji ambalo mwamba haulistahimili. Mkanda ukakatika na Aerodactyl akabaki na pointi 1. Zamu ya tatu nilimpiga kwa Earthquake, nikapunguza nilichoweza kupunguza, naye akanimaliza.

Mpaka hapo mpinzani alikuwa na sita na mimi watano, na mtu anayepita asingesita kusema ninashindwa. Lakini tazama uwanja. Upande wake kulikuwa na mawe, upande wangu ulikuwa mweupe. Nilimwingiza Gyarados bure, akiwa na uhai wote. Gyarados ni wa maji na wa kuruka, kwa hiyo kama Swampert angefanikiwa kutandaza mawe katika zamu ya kwanza, Gyarados angeingia akiwa amepungukiwa robo. Zamu ile ya Taunt ndiyo iliyomwokolea robo hiyo. Tena Swampert alikuwa bado amechokozwa, hawezi kutumia Roar kumfukuza. Mpinzani akaona hatari, akamrudisha Swampert na kumwingiza Zapdos, ambaye kwa umeme wake angemuua Gyarados bila shida. Zapdos alipokanyaga uwanja mawe yalimla robo, na katika zamu hiyo hiyo Gyarados alikuwa akicheza Dragon Dance, iliyomwongezea nguvu na kasi. Zamu iliyofuata Gyarados alitangulia na kupiga Stone Edge, pigo la mwamba. Zapdos yule alikuwa ameandaliwa kwa ajili ya kustahimili, na kwa jinsi ninavyozijua hesabu zake, akiwa mzima angebaki na uhai kidogo wa kutosha kunirushia umeme mmoja tu, ambao ungetosha. Robo iliyoliwa na mawe ndiyo iliyomwangusha. Tukawa watano kwa watano, Gyarados wangu akiwa na uhai kamili na ameshajinoa, na mpinzani hana tena mtu wa umeme.

Nimelisimulia kwa kirefu kwa sababu faida za mhanga ni nadra kuonekana katika zamu anayokufa. Aerodactyl alimwangusha Zapdos zamu mbili baada ya kuondoka uwanjani.

Azelf anafuata njia nyingine, na kwa kizazi cha nne sina hakika kama kuna aliyemzidi. Kasi yake ya msingi ni 115, hutandaza mawe, huchokoza, kisha hujilipua kwa Explosion. Kabla ya mwaka 2010 mlipuko huo, wenye nguvu ya 250, ulihesabiwa kana kwamba ulinzi wa anayelipuliwa umepunguzwa nusu, kwa hiyo ni wachache waliousimamia. Uzuri wake mwingine hauonekani upesi. Mpinzani akimleta Forretress, ambaye ni mzito, ili asafishe mawe kwa Rapid Spin, Azelf humtangulia na kulipuka. Hata kama Forretress hakufa, Rapid Spin yake haina wa kumgusa, kwa kuwa mlengwa ameshatoweka, na mbinu hiyo isipogusa mtu haisafishi. Mawe yanabaki. Kuanzia Black na White, mwaka 2010, ule upunguzaji wa ulinzi uliondolewa, na kujilipua kukapoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Sasa niseme mtangulizi wa mhanga alivyo dhaifu, maana nimeyalipia madhaifu haya mwenyewe. Mkanda hauwezi dhoruba ya mchanga. Niliwahi kumtanguliza Azelf mbele ya Tyranitar, ambaye huingia na dhoruba yake. Nilitandaza mawe, akanipiga, mkanda ukaniachia pointi 1, na kabla zamu haijafungwa mchanga ukaimaliza pointi hiyo. Nilipata kazi moja badala ya mbili. Aerodactyl asingepatwa na hilo, kwa kuwa mchanga hauwadhuru walio wa mwamba. Mkanda hauwezi pia mapigo yanayorudiwa ndani ya zamu moja, kwa sababu la kwanza hukata mkanda na la pili huua. Hauwezi Fake Out, pigo dogo la zamu ya kwanza linalotangulia karibu kila kitu, likauondoa ukamilifu wa uhai na kumfanya mhanga ashtuke asifanye lolote. Na Metagross mwenye Bullet Punch humpiga Aerodactyl mara moja kwa nguvu, kisha humwahi kwa ngumi ndogo ya haraka kabla hajatumia ile pointi yake ya mwisho.

Mabadiliko makubwa zaidi hayakuletwa na Pokémon yeyote bali na utaratibu. Tangu mwaka 2010 wachezaji huonyeshana vikosi vyote sita kabla ya kuanza. Mhanga aliyekuwa akija gizani sasa anaonekana mapema kama mwizi aliyevaa kanzu nyeupe usiku, na mpinzani mwenye Espeon wa Magic Bounce humweka mbele, ambaye Taunt na mawe unayomtumia humrudia mtumaji. Mwaka 2013, matoleo ya X na Y yaliibadilisha mbinu ya Defog ikawa inasafisha mitego ya pande zote mbili, na wanaoweza kuijifunza ni wengi kuliko wa Rapid Spin. Mwaka 2019, Sword na Shield zilileta viatu vizito, Heavy-Duty Boots. Aliyevivaa hadhuriwi na mtego wowote anapoingia. Nilipovisoma viatu vile kwa mara ya kwanza nilidhani mtangulizi wa mhanga amezikwa.

Hakuzikwa, na sababu yake ni nzuri. Anayevaa viatu hawezi kubeba kitu kingine, kwa hiyo mitego yako, hata ikikosa kumwumiza mtu, imeshamnyang'anya mpinzani nafasi ya silaha nyingine kabla pambano halijaanza. Pia kizazi cha sasa, cha Scarlet na Violet za mwaka 2022, kimeleta watandazaji ambao Taunt haiwazuii. Samurott wa Hisui ana Ceaseless Edge, pigo linaloumiza na papo hapo linatandaza tabaka la miiba, na kwa kuwa ni pigo, uchokozi haulizuii. Glimmora yeye hatandazi kwa amri tu. Akipigwa pigo la mwili, vipande vyake hudondoka upande wa adui na kuwa miiba ya sumu, kwa hiyo anayemla analipa kwa kumla. Halafu yupo Gholdengo, ambaye mbinu za kumlenga zisizo za kushambulia hazimshiki, Defog ikiwemo, na ambaye kwa uzuka wake Rapid Spin humpita. Mtangulizi akishatandaza, Gholdengo hukaa kama bawabu wa mlango wa kusafishia.

Katika mashindano rasmi ya wawili wawili, ambapo kila mchezaji huchagua wanne kati ya sita na wawili huwa uwanjani pamoja, mawe yana faida ndogo, kwa kuwa mapambano ni mafupi na watu hawabadilishwi sana. Kujitoa kupo, ila kwa sura nyingine. Bingwa wa dunia wa mwaka 2014, Se Jun Park wa Korea Kusini, alimtumia Pachirisu, kiumbe mdogo ambaye wengi walimwona hana kazi, akampa Follow Me ili mapigo ya adui yamfuate yeye huku mwenzake wa pembeni akipata zamu zake. Bidhaa iliyonunuliwa ni ile ile.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi halimhusu mtangulizi bali watano wanaomfuata. Mtu huchukua Aerodactyl, kisha nyuma yake akaweka kikosi cha wavumilivu wanaojiponya na kungoja. Huko ni kununua tiketi ya basi la alfajiri kisha kwenda kulala. Mhanga amekununulia kasi, amekupa mlango wa bure katika zamu ya nne, na mpinzani hana mitego upande wako kwa wakati huo tu. Baada ya zamu kumi atakuwa ameyatandaza yake. Wanaomfuata inafaa wawe wafyekaji watupu, wawili au watatu wanaojinoa na kupita, tena ikiwezekana wanaozuiwa na maadui wale wale, ili wa kwanza akimchosha mzuiaji, wa pili apite juu yake. Mwenye kikosi cha kungoja amtumie mtandazaji mnene anayeweza kurudi mara tatu nne, Swampert kwa mfano, na amwache mhanga.

Kuna jambo moja ambalo mpwa wangu amenionyesha, nami nililipinga kwa wiki nzima. Nilimfundisha kwamba mhanga akishamaliza kazi lazima aanguke mara moja, ili mwenzake aingie bure. Yeye akaniuliza, "Mjomba, kwa nini nilipe leo kitu ninachoweza kulipa kesho?" Nilimjibu kwamba mpinzani anaweza kuitumia nafasi ya kumbadilisha. Ni kweli, anaweza, lakini jibu langu halikutosha, na nilikuja kuliona hilo Jumapili iliyopita, tukiwa tumekaa barazani na birika la kahawa baada ya magharibi, mimi nikiangalia simu yake juu ya bega.

Alikuwa amemtanguliza Azelf, akachokoza, akatandaza, akabaki na pointi 1. Mimi ningejilipua pale. Yeye alimrudisha ndani, akaendelea na wengine, na pambano likafika zamu ya ishirini na kitu. Alikuwa amebakiwa na watatu: Azelf mwenye pointi yake 1, Flygon mwenye asilimia kama 15, na Scizor mzima mwenye Choice Band, kitu kinachoongeza nguvu ya mapigo ya mwili. Mpinzani alikuwa na wawili: Heatran aliyekuwa uwanjani, na Gengar nyuma. Mbele ya Heatran alisimama Scizor, ambaye moto humwunguza mara nne ya kawaida. Flygon alikuwa na jibu la Heatran, kwa kuwa Earthquake humpata mara nne naye, na tulikuwa tumeona Heatran akijiponya kidogo kidogo kwa Leftovers, kitu alichokibeba, kwa hiyo hakuwa na skafu ya kumwongezea kasi. Lakini Flygon wa asilimia 15 asingeweza kuingia kwenye pigo lolote akaishi. Na Scizor hakuwa wa kutolewa, maana yeye peke yake ndiye angemmaliza Gengar.

Mpwa wangu alimwingiza Azelf. Fire Blast ya Heatran ikamkuta, pointi 1 ikaenda. Flygon akaingia bure, akatangulia, Earthquake, Heatran chini. Gengar akaingia, mawe ya zamu ya pili yakamla moja ya nane, na kwa kuwa kasi yake inaizidi ya Flygon, alimwangusha. Scizor akaingia bure, wa pili kwa mlango ule ule. Kijana aliinua kikombe akanywa kwanza, akakirudisha kwenye sahani, kisha ndipo akabonyeza Bullet Punch.

Tangu siku hiyo nimeyafungua mapambano yangu ya zamani yaliyohifadhiwa na ninayapitia moja baada ya jingine, nikitafuta zile zamu za tatu ambazo nilimlipua Azelf pasipo ulazima. Mpaka jana usiku nilikuwa nimefika la kumi na nne, na katika matano nimeona mahali ambapo, baadaye kabisa, ningemhitaji.